Dakika ya Mke Mwenza

Mume wangu hakununua gari, alinunua kitabu. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia siku alipolileta nyumbani, miaka kumi na mmoja iliyopita, na sijayafuta mpaka leo. Yeye ni mchapaji, maisha yake yote ameyamaliza kati ya mashine za kupiga chapa, na aliyekuwa anauza gari alifanya ujanja mmoja tu: alimpa kitabu cha maelekezo. Kitabu chote ni Kifaransa, na mume wangu hajui Kifaransa hata cha kuombea maji. Lakini aliishika karatasi yake, akaona herufi zilivyopangwa, akakinusa, na mambo yakaishia hapo.

Gari lenyewe lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu watatu. Enzi zake lilikuwa gari la kifahari la kubebea wakubwa, na bado lina maringo ya enzi hizo. Waipa ni moja, ndefu, inafuta kioo kizima kana kwamba imekasirishwa. Viti ukivikalia unazama, na ukitaka kutoka inabidi ujipange kwanza. Taa za dashibodi zilikufa moja baada ya nyingine, ikabaki ya saa, nayo imegoma kwenye saa tisa na robo. Majirani waliliita Sofa. Mimi nililiita Mke Mwenza, kwa sababu kila Jumapili mume wangu alikuwa anamfuta kwa kitambaa cha flana, taratibu, na mimi hajawahi kunifuta kwa kitu chochote.

Kubwa kuliko yote ni namna linavyolala. Gari hili halina springi. Linabebwa na mafuta ya kijani yanayosukumwa na pampu kwenye mabomba. Ukilizima linashuka polepole, na asubuhi unalikuta tumbo linakaribia kugusa ardhi. Ukiwasha, huendi popote. Unakaa unasubiri. Kwanza linainuka nyuma, halafu mbele, na mwisho kabisa, chini ya boneti, unasikika mlio mdogo, tik, maana yake pampu imeshiba na sasa mnaweza kwenda. Ukiondoka kabla ya tik, umeliumiza. Zoezi zima linachukua dakika moja, na siku za baridi dakika na nusu.

Niliichukia dakika ile kwa wiki tatu hivi. Mimi ni mkunga, na mume wangu hunishusha hospitali kabla ya kwenda kiwandani kwake. Nilimwambia watoto hawangoji gari liamke ndipo wazaliwe. Kisha nikaacha kuichukia, lakini sikuacha kulalamika, maana mdomo wangu ukishazoea njia hauiachi. Hapo ndipo nilipokosea.

Mume wangu si mtu wa maneno. Huko kiwandani mashine zinapiga kelele kutwa, wenzake wanaongea kwa mikono, na jioni anarudi na mdomo uliofungwa. Nyumbani nasema mimi kwa niaba yetu sote wawili. Lakini ndani ya dakika ile, mikono ikiwa kwenye usukani na macho yakitazama ukuta wa nyumba yetu, alikuwa hana pa kukimbilia. Hapo ndipo aliposema. Humo ndimo alimoniambia kwamba anaogopa kustaafu. Mwaka ambao binti yetu alihamia mbali, humo ndimo alimoniambia kwamba huwa anaingia chumbani mwa huyo binti na kukaa tu kitandani, hafanyi kitu. Na siku moja, bila kugeuka, alisema, "Lile gauni la bluu linakupendeza. Nilitaka kukwambia tangu Jumapili." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Pampu ikalia tik, tukaondoka, na mimi nikazalisha wanawake wanne huku natabasamu peke yangu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ndoa yangu iko wapi, nitamwonyesha dakika hiyo.

Miezi miwili iliyopita dakika ikanyamaza. Mume wangu alianza kukaa ameinama mbele, amekunja uso, hasemi neno. Nikiongea anatikisa kichwa. Siku nyingine tulikaa dakika tatu nzima kama watu waliosahauliwa. Siku nyingine, yeye huyu wa kitambaa cha flana, alitia gia kabla gari halijainuka vizuri, tumbo likakwaruza kizingiti cha geti, na hata hakushuka kutazama. Nikajiambia, huyu anataka kufika aachane na mimi upesi.

Halafu nikachaguliwa kuwa msimamizi wa wodi. Jambo hilo nililingoja miaka saba. Niliambiwa mchana, nikalibeba kimya jioni yote, ingawa lilikuwa linaniwasha kwenye ulimi, ili nimwambie asubuhi ndani ya gari, mahali petu. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema "Sawa," akatia gia.

Sikulirudia. Nilisusa. Nililia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikanawa uso, nikaenda kupokea mapacha.

Jumatano yake, mezani, akaleta habari. Fundi wake amekubali kulitoa lile dude lote la mafuta na pampu na kulifungia gari springi za kawaida, kama magari ya watu wengine. Kazi itafanyika Jumamosi. "Umelalamika miaka kumi na mmoja," aliniambia. "Sasa tutakuwa tunawasha na kwenda." Alilisema hilo kama mtu anayempa mkewe zawadi, nami nikamjibu kama ameamua, sawa. Nikatoa vyombo. Jikoni nilisimama nimeshika sahani mikononi, nikaelewa kwamba mume wangu amefika mahali ambapo hata dakika moja ya kukaa na mimi imemshinda.

Jumamosi nikamwambia tunakwenda wote. Sikujua ninafuata nini. Labda nilitaka kuaga.

Fundi wake anaitwa Daktari, kwa sababu ana kipande kirefu cha mpira wa maji ambacho ncha moja anaiweka sikioni na nyingine anaipitisha kwenye injini, akitafuta ugonjwa. Ni mtu mnene, mpole, na lile gari analipenda kuliko magari mengine yote yanayoingia gereji yake. Springi nne zilikuwa zimelazwa kwenye gunia, na kila alipopita karibu nazo alizitazama kwa jicho baya. Alinivuta kando akaniuliza, "Shemeji, mzee kaamua kweli? Mimi nikishalitoa, sitaweza kulirudisha." Nikamwambia muulize mwenyewe.

Mume wangu alikuwa kwenye usukani, boneti imeinuliwa mbele yake, yeye hatuoni, sisi hatumwoni. Daktari akaanza kazi. Alipaza sauti kumwambia azime injini, akafungua mkanda wa pampu, akautoa. Kisha akamwambia awashe tena kidogo, kwa kuwa alitaka kuisikiliza injini ikiwa peke yake kabla ya kuendelea. Injini ikanguruma. Daktari akainama na mpira wake sikioni. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Dakika moja ikapita. Kutoka nyuma ya boneti sauti ya mume wangu ikasema, "Haya, tayari. Tik imegonga."

Daktari akainua kichwa. Mkanda wa pampu ulikuwa unaning'inia kwenye vidole vyake, na pampu isiyo na mkanda haizunguki.

"Imegonga, mzee?" akauliza, akipaza sauti kuishinda injini.

"Imegonga. Nimeisikia vizuri kabisa."

Tukatazamana, mimi na Daktari. Mimi ninayelipwa kusikiliza. Ninaweka kile kipembe changu cha mti kwenye tumbo la mama na kusikia moyo wa kiumbe ambaye dunia haijamwona, na miezi miwili nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mume wangu, bega kwa bega, sikusikia kwamba masikio yake yanaziba. Nilikuwa nashughulika kununa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niolewe.

Nikamwambia Daktari atuache kidogo, kisha aurudishe mkanda mahali pake. Nikazunguka, nikafungua mlango, nikakaa kwenye kiti changu, nikauzungusha ufunguo mwenyewe, nikazima injini. Kimya kikaingia.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Alitazama mbele, kwenye boneti iliyosimama, kama alivyokuwa anautazama ukuta wa nyumba.

"Ule mlio mdogo ndio ulitangulia kupotea," akasema. "Nikawa nahesabu. Siku nyingine nahesabu haraka, siku nyingine napitiliza. Halafu na wewe ukapotea. Nyumbani nakusikia, ukinigeukia. Lakini humu, injini ikiwaka, sikusikii. Nikaona nikianza kuzungumza utanijibu, na mimi nitakosa la kusema."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Springi hazitaki kusikilizwa. Na nilijua wewe utafurahi."

"Mimi nilidhani umenichoka."

Akageuka. Katika miaka kumi na mmoja ya lile gari hakuwahi kunigeukia likiwa limesimama, na sasa aligeuka mwili mzima, kiti kile kikalia chini yake, akanitazama usoni kama mtu anayesoma karatasi iliyochapwa vibaya.

"Nikikuchoka wewe," akasema, "nitakaa na nani?"

Nilishindwa kujibu, na wanaonijua watashangaa. Nikachukua mkono wake, wenye wino ambao hautoki tena kwenye kucha, nikaushika. Nikamwambia kuna jambo nilimwambia juzijuzi humu ndani na yeye akajibu sawa. Akauliza jambo gani. Nikamwambia nimekuwa msimamizi wa wodi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, na nadhani alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.

Kisha nikarudi kuwa mimi. Nikamwambia Jumatatu nampeleka kwa watu wa masikio pale hospitalini, hakuna mjadala, na akithubutu kunificha kitu tena nitalichoma moto hilo gari na kitabu chake kikiwa ndani. Akasema sawa. Safari hii alikuwa amesikia.

Daktari aliurudisha mkanda, akazisukuma zile springi chini ya meza kwa mguu, akaturuhusu kwenda.

Jumatatu asubuhi tukakaa kwenye viti vyetu kama kawaida. Tulikuwa tumekubaliana jambo moja: yeye asihangaike kutega sikio wala kuhesabu, mimi nitaweka mkono kwenye goti lake, na pampu ikilia nitalibonyeza mara moja ndipo atie gia. Akawasha. Nikaweka mkono. Sasa hatazami tena ukuta, ananitazama mimi, mdomo wangu, ili asipitwe na neno. Mwanzoni niliona haya, nikajikuta nasawazisha kitambaa cha kichwa kama msichana anayekuja kuposwa.

Nyuma ikainuka. Akaanza kunieleza kwamba usiku aliota tuko kwenye ile nyumba yetu ya kwanza ya chumba kimoja, mvua inanyesha, na sisi tunahamisha kitanda kutoka kona hadi kona tukikimbia matone. Nikamwambia haikuwa ndoto, tuliishi hivyo mwaka mzima. Akacheka. Mbele ikainuka. Akasema katika ndoto kile kitanda kilikuwa chepesi sana, tukikishika kinakwenda chenyewe, na kwamba kuna kitu nilimwambia pale, ngoja akumbuke.

Chini ya boneti pampu ikalia, tik, safi kabisa.

Alitazama mkono wangu uliotulia gotini, kisha uso wangu. "Bado?" akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Endelea."