Mvua ya Tukuyu

Priska Matonya hakuwahi kuibia mtihani hata mmoja maishani mwake, lakini kompyuta aliidanganya, tena bila haya.

Mwalimu Bupe, aliyewafundisha jiografia kidato cha tatu pale Haneti, alikuwa amewaletea programu inayoigiza udongo. Unachagua mteremko, mvua na namna ya kulima, unabonyeza, na miaka inapita kwenye kioo: maji yanazama au yanakimbia, udongo wa juu unaongezeka au unachukuliwa. Wenzake walibuni mashamba ya kuchezea. Priska aliingiza shamba la kwao nyuma ya kilima, alilolilima marehemu mama yake hadi msimu wake wa mwisho. Baba alikwisha kusema ardhi ile imekufa, na kwamba kabla ya mvua kuanza watahamia Bahi kulima mpunga. Priska hakutaka kabisa. Kaburi la mama lilikuwa ukingoni mwa shamba lile, naye bado alimhitaji.

Kwa mvua ya Haneti, shamba liliisha kabla hajakaa vizuri kitini. Basi akachagua mvua ya Tukuyu, nyumbani kwa Mwalimu Bupe, ambako majani hayajui kukauka. Shamba likastawi mpaka likatia shaka.

Siku ya wazazi alimketisha baba mbele ya kompyuta. Mzee Matonya alivua kofia, akakitazama kijani kile na mvua iliyoorodheshwa mwezi kwa mwezi.

"Mvua hii ni ya wapi?"

Priska akajifanya anafuta vumbi kwenye kioo. Mwalimu Bupe akasogea, akaona kilichofanyika, akamwonea huruma.

"Ni ya kwetu Tukuyu, mzee."

"Nilijua. Hapa tangu nizaliwe sijaona mvua ya mwezi wa saba." Hakukasirika. Alimwekea binti yake mkono begani. "Weka mvua yetu, mwanangu. Tuone ukweli."

Priska akaiweka, machozi yakimlengalenga. Udongo ukaondoka mwaka baada ya mwaka, ikabaki changarawe.

"Mnalimaje, mzee?" Mwalimu Bupe akauliza.

"Tunaberega, kama watu wote. Tunakusanya mabua, tunachoma, tunapanda bila kutifua."

"Priska, futa moto. Acha mabua yalale shambani, halafu weka makinga maji, mitaro ya kukata mteremko."

Wakarudia. Safari hii hakukuwa na kijani cha kujivunia, ila udongo haukuondoka. Ulibaki mwembamba, ukajikusanya polepole, na kufikia mwaka wa sita uwele ulikuwa umesimama shamba zima.

"Miaka sita ni mingi," baba alisema, akavaa kofia yake. Priska alirudi darasani akijua ameshindwa.

Ulipofika wakati wa kusafisha mashamba, moshi ulipanda kila upande wa Haneti. Jioni moja alirudi kutoka shule, akakuta baba hayupo na kiberiti hakipo jikoni. Alikimbia na sare zake hadi nyuma ya kilima, akiwa na hasira na baba yake kuliko alivyowahi kuwa.

Mabua yalikuwa yamelala chini, makavu, hayajaguswa na moto. Shamba lilikuwa limezibwa kwa miiba ili ng'ombe wasiingie. Baba alikuwa upande wa juu, shati limelowa jasho, akichimba mtaro kukata mteremko, vile vile kama walivyouchora kwenye kompyuta.

"Kiberiti kiko wapi, baba?" Priska aliuliza, bado anahema.

Mzee Matonya alielekeza kidevu ukingoni. Kilikuwa juu ya kaburi, kimewekewa jiwe kisipeperushwe na upepo.

"Nimempa mama yako anitunzie. Mkono wangu umezoea, naweza kujisahau."

Priska aliketi kando ya kaburi. Alilia pale pale, na baba akamwacha alie, akaendelea kuchimba.

"Kwenye kompyuta yako," alisema baadaye, "huu ni mwaka wa ngapi?"

"Wa kwanza, baba."

"Basi vua viatu vya shule, ushike jembe."