Suruali ya Kutokea

Tangu asubuhi natafuta suruali yangu ya kahawia, ile ya kutokea, niivae harusini kwa jirani. Kwetu hakitupwi kitu, kwa hiyo nilijua ipo. Nisichokijua ni imegeuka kuwa nini.

Mguu mmoja niliukuta jikoni ukichuja asali. Mwingine ulikuwa umefunga mlango wa banda la kuku. Mfuko ulining'inia darini, umejaa mbegu za maboga.

"Mama watoto, na makalio yake yako wapi?" nikauliza.

Mke wangu aliendelea kumkamua mbuzi. "Geuka."

Nikageuka, nikatazama ukuta. Sikuona kitu.

"Umeyavaa. Ndicho kiraka cha hiyo ya kazini. Kitambaa nilikigeuza, upande wa ndani haujapauka."

Nikajipapasa nyuma. Wiki nzima nimekalia ninachokitafuta.

"Sasa harusini nitavaa nini?"

Akaelekeza kidevu shambani. Sanamu letu la kufukuzia ndege lilisimama kwenye mahindi, limevaa suruali nyeusi isiyo na kiraka hata kimoja.

"Mwombe yule akuazime," akasema. "Ila uirudishe mapema, ndege wasije wakamdharau."