Kitambaa cha Kibonge

Shuka la kitanda cha nyumba ya wageni alilinusa hata kabla hajatua begi. Ndivyo alivyozoea. Madobi wengine hutazama nguo. Huyu hunusa kwanza, maana macho, husema mwenyewe, hulaghaiwa na wanga na pasi, lakini pua haihongeki. Basi akainama, akavuta pumzi, akanyanyuka uso umemkunjika.

"Limeanikwa ndani," akasema. "Halijaona jua hili. Na mtu wa mwisho kulilalia alikuwa amejipaka dawa ya mgongo."

"Baba Kibonge," mkewe akamwambia, "ndiyo kwanza tunaingia."

"Nasema tu."

"Usiseme."

Atanyamazaje? Pazia lilinata vidoleni. Kioo kilikuwa na madoa ya dawa ya meno ya watu waliokwisha kwenda zao. Bafuni, kwenye tundu la maji, kulikuwa na fundo la nywele, limelowa, limejiviringa, nywele za vichwa asivyovijua. Alitandua vitanda vyote, akatandika mashuka aliyobeba kutoka nyumbani, meupe pee, yamepigwa pasi hadi kwenye pindo. Mama mkwe wake, mwanamke mnene, mcheshi, asiyeharakishwa na kitu chochote duniani, alikaa kwenye kiti cha pekee akimtazama.

"Mkwe wangu, hii likizo au umehamisha duka?"

"Likizo, mama," akajibu kwa adabu, huku anaendelea kuchomekea pembe za shuka.

Hapo Kibonge akachomoza kutoka chini ya kitanda. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, ana mashavu ya kumwagika, na mkononi kashika nusu ya biskuti ya zamani iliyoota vumbi na unywele mmoja mrefu. Alipoona baba yake anamwangalia, alisimama. Biskuti ikamdondoka. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, akasubiri.

"Chafu," akasema mtoto.

Hili ndilo lililowaleta pwani. Kibonge alikuwa na maneno yake: mama, bibi, maji, chafu, Lala. Baba hakuwemo. Kwa bibi yake alikimbia mikono juu, abebwe. Kwa mama yake vilevile, hata kwa muuza mkaa wa jirani. Ila baba akirudi jioni mtoto alisimama pale pale alipo, akatoa viganja vikaguliwe, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa hakuwahi kubebwa na mtu huyu kabla ya kukaguliwa, na neno alilolisikia kila mara lilikuwa hilo moja. Dobi alikuwa analala na jambo hilo na kuamka nalo. Alimpenda mtoto wake kupita kiasi, lakini kila akimsogelea kilimfika kinyaa kwanza: kamasi, mate, uji uliokauka kidevuni, na nepi, Mungu wangu, nepi. Mkewe, ambaye ni msusi na hana subira na watu waoga, alikuwa amekata shauri. Twende baharini siku chache, alisema, mahali pasipo na duka la kukimbilia. Ukirudi kutoka huko mwanao hajakuita baba, basi usimlaumu mtu.

Alasiri hiyo wakateremka ufukweni, na ufuko ulikuwa balaa. Watu huja kuupiga picha. Dobi aliuona ulivyo. Mchanga uliingia masikioni, kwenye chakula na katikati ya vidole vya miguu, ukakaa huko kwa ukaidi. Mwani ulirundikana ukingoni ukioza taratibu, nzi wameufunika. Mtu mzima mwenye kitambi alifinya pua kwa vidole viwili, akapenga, akafutia kwenye kaptura yake, kisha akaenda kumnyooshea mwenzake mkono. Dobi alisimama katikati ya yote hayo na shati lake jeupe, mikono kaikunja kifuani asije akagusa kitu.

Kibonge alikuwa peponi. Alikula mchanga, akautema, akala tena. Na popote alipokwenda aliburuta Lala.

Lala ni kitambaa. Kilikatwa kwenye gauni la kulalia ambalo mama yake alikuwa akilivaa wakati wa kumnyonyesha, na bila hicho mtoto halali, hatulii, hali. Kilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kilinuka maziwa yaliyoganda, mate, uji na mkojo wa zamani, kila kitu kwa zamu yake. Na nyumbani kwa dobi, nyumba ambamo hata vitambaa vya kufutia viatu hupigwa pasi, hicho kilikuwa marufuku yeye kukigusa. Mkewe alikifua mwenyewe, kwa maji matupu, nusu leo na nusu wiki ijayo, ili harufu isiishe yote kwa pamoja. Dobi aliona huko ni kutukanwa kazi yake, lakini alimeza.

Sasa akamwona mtoto anavuka mwani, kitambaa nyuma yake. Akaona kitambaa kinapita juu ya samaki mfu aliyevimba, tumbo limepasuka, ute wa manjano unachuruzika. Akaona kinanasa pale, mtoto anakivuta kwa nguvu zake zote, kinachomoka na kipande cha kitu juu yake. Halafu Kibonge akakaa kitako, akakitia mdomoni.

"Chafu!" dobi akapiga ukelele. "Chafu, chafu, chafu!"

Ufuko mzima uligeuka. Mtoto akatoa kitambaa mdomoni, akaweka chini, akanyoosha viganja. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

Mkewe alikuja, akamfuta mtoto mdomo kwa upindo wa nguo yake, akakikung'uta kitambaa kwenye maji ya bahari, akambeba mwanawe. Alipompita mumewe alisema kwa sauti ya chini, "Watoto wa wenzio wanawarukia baba zao. Wako anajitetea."

Maneno hayo yalimkata maini. Lakini usiku kucha mawazo yalimrudia yule samaki.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana mtoto alilala, na wanawake wakaenda kuogelea. "Mwangalie tu," mkewe aliagiza mlangoni. "Kukaa na kuangalia. Unaweza?"

"Mtoto wangu mwenyewe nishindwe?"

Alikaa. Aliangalia. Kibonge alilala chali, mdomo wazi, na kando ya shavu lake kilikuwepo kile kitu, kimekauka na chumvi, kina kigamba cha samaki kinachong'aa. Chumba kizima kilikuwa kinanuka fee. Dobi alivumilia kadiri alivyoweza. Kisha vidole vyake vya kazi vikakichomoa kitambaa polepole kutoka chini ya shavu la mtoto.

Ukishaanza kufua hufui nusu. Alikisugua na sabuni yake mwenyewe, kwani dobi huyu hasafiri bila mche wa sabuni. Maji yalitoka meusi, yakatoka kahawia, yakatoka kijivu, na kila alipoyamwaga moyo ulimtulia. Bado harufu ilikuwepo, kwa mbali, imejificha ndani ya nyuzi. Harufu ya namna hiyo dawa yake ni kuchemsha. Akatazama huku na huko. Juu ya meza kulikuwa na birika la umeme la kuchemshia maji ya chai. Akakitumbukiza humo, akawasha.

Msishangae. Mtu akizidi kuogopa uchafu hufika mahali akautengeneza mwenyewe, na hajui.

Kilipokauka dirishani kilikuwa cheupe. Dobi alikinusa: hakuna kitu. Alijisikia fahari, kusema kweli. Alikikunja mara nne, akakiweka kando ya mtoto.

Kibonge aliamka, akapapasa, akakishika. Akakileta puani. Akakitupa. Akatafuta chini ya mto, chini ya shuka, chini ya mgongo wake mwenyewe. "Lala?" akauliza. "Lala?" Dobi alimrudishia, na mtoto akakisukuma kwa miguu yote miwili, kisha akaanza kulia, kilio ambacho dobi hajawahi kukisikia, akalia mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatapika chakula chote juu ya shuka jeupe pee. Matapishi yalimfikia dobi mkononi, ya moto. Naye akatupa mikono juu, akarudi nyuma mpaka ukutani. Ndivyo mkewe alivyowakuta: mtoto ndani ya matapishi, baba ukutani.

Alimbeba mtoto. Akaokota kitambaa, akakinusa. Alichukua muda mrefu kukinusa.

"Umekifua chote."

"Kilikuwa na samaki, mke wangu. Kigamba kabisa."

"Nilimnyonyeshea ndani ya gauni lile," mkewe akasema, na machozi yakamtoka. "Hakukuwa na kingine kilichobaki na harufu hiyo. Sasa hakipo."

Mama mkwe, aliyeamini hakuna msiba usiotulizwa na chai, alikuwa keshachemsha maji, keshamimina vikombe. Dobi alikuja kushtuka bibi yule keshapiga mafunda mawili.

"Chukua, mkwe wangu. Kunywa, roho itulie."

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Juu ya chai kulielea uzi mwembamba, na karibu yake kitu kidogo kinachong'aa. Kumkatalia mama mkwe hawezi. Kumweleza pia hawezi. Akanywa. Ilikuwa na ladha ya sabuni na, nyuma ya sabuni, ladha ya kila kitu. Akamwona mama mkwe ananyanyua kikombe tena.

"Mama," akasema kwa taabu, "naomba uache kunywa. Kitambaa nilikichemshia humo kwenye birika."

Mama mkwe alitazama kikombe. Akatazama birika. Akaenda dirishani akatema, akarudi akakaa, akamwangalia mkwewe kwa karaha ambayo hata dobi, bingwa wa karaha, hakuwahi kuifikia.

"Na sisi ndio wachafu," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe baadaye. Kwanza rudisha ulichokiondoa."

"Nitakivaa mimi," mkewe akasema, "kikishika jasho langu labda—"

"Wewe kaa," mama yake akamkata. "Maziwa yamekwisha, hayarudi. Mtoto anataka harufu ya mtu. Aliyekifua ndiye atakayekivaa. Kifuani, usiku na mchana, na asioge."

Dobi alikifunga kifuani chini ya shati. Usiku ule Kibonge alilala kwa kwikwi, mikono mitupu. Siku iliyofuata ilikuwa ya joto, na dobi aliitembea yote ufukweni, juani, bila kuoga. Kufikia mchana alikuwa anajisikia kunuka. Jasho lilikauka, likaja jingine juu yake, shati lilibadilika rangi makwapani, shingo ilinata. Alijichukia. Alijaribu kupumua kwa mdomo asijinuse. Wazo la kujitupa majini lilimjia mara nyingi, na kila mara aliwakumbuka wale watu wawili, mmoja analia na mmoja anatema dirishani, akaendelea kutembea.

Jua lilipopungua makali aliwarudia walipokaa. Kibonge alikuwa peke yake hatua chache kutoka kwa mama yake, anachimba kwenye tope jeusi la mwani. Kamasi zilimfika mdomoni. Alipomwona baba yake aliacha kuchimba, akasimama, akanyoosha viganja. Vilikuwa vyeusi tii.

Neno lilimjia dobi mdomoni, limezoea njia. Akalimeza. Akapiga magoti, akachovya mikono yake mwenyewe kwenye lile tope la uvundo, mpaka kwenye kucha, mwili ukimsisimka wote. Kisha akavinyoosha viganja vyake mbele ya mtoto.

Kibonge alivikagua kwa makini. "Chafu," akasema.

"Chafu," baba yake akakubali.

Akafungua vifungo, akatoa kitambaa. Kilikuwa kimelowa, kimejikunja, kimeshika rangi ya mtu. Mtoto alikinusa. Akamwangalia baba yake, akamsogelea, akamnusa kifua. Akanusa tena kitambaa. Halafu akakikamata kwa ngumi na kuanza kumfuta baba yake viganja, kimoja, kingine, anahema kwa bidii, na alipomaliza akakitia mdomoni, tope na jasho na vyote.

Mkewe alisimama kwa mbali akiwatazama.

Kibonge akainua mikono juu. Dobi akambeba. Nepi ilikuwa imejaa pomoni, akaisikia ikimminyikia mkononi, ya vuguvugu, na kamasi zikampaka shingoni. Hakumshusha.