Unga Mwekundu na Kisu cha Mjomba

Tangu asubuhi mwanafunzi alikuwa amejikaza, lakini mjomba wake alipotamka neno "uongo" mbele ya watahini, damu ilimchemka. Leo ndiyo siku aliyokuja kutetea tasnifu yake ya shahada ya uzamivu, na msimamizi wake ni mjomba huyohuyo, mkuu wa maabara.

Tasnifu yake nzima ilisimama juu ya jambo moja: ule unga mwekundu wa nikeli, alioutengeneza kwa mikono yake, hauvutwi na sumaku. Elektroni zake zote zimekaa mbilimbili, hakuna hata moja iliyobaki peke yake ya kuitikia wito wa sumaku. Watahini wakataka kujionea. Mrija wa unga ukaning'inizwa kwenye mizani, sumaku kubwa ikasogezwa chini yake, namba zikapanda. Unga ulikuwa unavutwa.

Mjomba akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akawaambia watahini kwamba mtoto huyu amemletea uongo miaka yote, naye akamwamini kwa sababu ya undugu tu.

Undugu. Kila alipolalamika nyumbani kwamba mjomba anamfokea mbele za watu, mama yake alimwambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Basi ameubusu mpaka midomo imechubuka, na haya ndiyo malipo yake.

Ndipo alipokiona kisu cha chuma juu ya meza, ncha yake ina wekundu. Asubuhi mjomba ndiye aliyejitia kimbelembele kujaza mrija. Unga ulikuwa umegandia kwenye chupa, na yeye kwa haraka zake akaukwangua kwa kisu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatazwa jambo hilo, kwa kuwa chembe za chuma zisizoonekana kwa jicho zinatosha kuharibu kipimo. Na anayewakataza ni mjomba.

Hakubishana. Alifungua chupa ya pili ya unga uleule, ambayo haijaguswa na mtu, akajaza mrija mpya kwa kijiko cha plastiki. Sumaku ikasogezwa. Safari hii namba zilishuka kidogo, maana unga wa namna hii hauvutwi, bali sumaku huusukuma kidogo tu. Mtahini mzee akainama akasoma, akakitazama kisu, kisha akamtazama mjomba.

Mjomba akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeteleza njiani akajifanya anacheza ngoma. Akamshika mpwa wake begani.

"Si niliwaambia? Huyu ni damu yangu."

Mpwa aliutoa ule mkono begani mwake, polepole, akaurudisha kwa mwenyewe.

"Damu yako ina chuma, mjomba. Unga wangu hauna. Sasa waambie ni nani aliyekitia."

Watahini waliweka kalamu chini, wakasubiri jibu.