Andazi Lisilopita Majivuni

Genzo alikizunguka kibanda kabla ya kusogea. Kibao kilisema maandazi ya asili ya bondeni, na chini yake nembo ya halmashauri. Nembo hiyo ndiyo iliyomkera. Si hao hao waliolizamisha bonde chini ya bwawa na kuwatawanya watu, mkewe Fusae akiwemo? Leo wanauza chakula cha watu waliowafukuza.

Kesho, kama kila mwaka, wafu wanarudi nyumbani. Tangu Fusae afariki, Genzo humwekea mbele ya picha yake maandazi ya dukani, ya maharage matamu, na moyoni anaamini mkewe huja, hutazama, huondoka na njaa. Kwao bondeni wafu hupokewa kwa andazi lililojazwa biringanya. Fusae alikuwa akiyaoka yote majivuni isipokuwa moja, la marehemu, alilolipika kwa mvuke. Karani gani angelijua hilo? Genzo akaamua kumtega muuzaji.

"Nipe moja," alisema, bila kutaja ni la nani.

Bibi wa kibanda akafukua andazi kwenye majivu ya moto, akalipigapiga viganjani, akampa. Genzo karibu acheke kwa uchungu. Matapeli. Akalifunga kwenye leso bila kulionja, akageuka kwenda zake.

"Baba, mbona huli? Linapoa," bibi akamwita.

Akamjibu kwa ukali kwamba andazi la marehemu mkewe haliwekwi majivuni, na kwamba wakamwambie hivyo mkubwa wao.

Bibi akamtazama kama mtoto mtundu. "Sasa nimjueje marehemu wako kama umefumba mdomo? Hilo ni la mtu aliye hai. Majivu yanamfukuza mgeni wa kesho, hata mama yangu alikuwa akitugombeza tukisahau. Keti." Akabandika sufuria ya mvuke. "Na hicho kibao ni chao. Mikono ni yangu."

Genzo akaketi. Akalila andazi lake la majivu polepole, akitafuta kasoro. Chumvi ilikuwa ileile ya Fusae, majivu yakimkwaruza menoni vilevile. Akaanza kulilaumu basi la halmashauri, la kumrudisha nyumbani, kwa kuchelewa.

Alirudi na andazi la mvuke mapajani, bado la moto. Njia nzima hakulifungua kuhakikisha.