Embe Ambazo Sisimizi Hawakuzigusa

“Zabibu za dukani ni za wanawake wavivu,” Mama Zuhurah alikuwa akisema, na kila neno akiligongea mfuniko wa sufuria. “Nimemenya embe siku mbili, nimezianika siku nne, halafu wewe unaniletea zabibu?”

“Sijakataa embe zako, Mama. Nimesema maji yake siyapendi.”

Sumayah akamwinamishia mkwewe bakuli. Embe kavu alizoziloweka tangu asubuhi zilikuwa zimetoa rangi. Haikuwa manjano. Ilikuwa waridi, kama maji yaliyofuliwa kitambaa kipya chekundu.

“Huo ni wekundu wa maganda.”

“Ulizimenya maganda.”

“Basi ni wekundu wa ulimi wako. Miaka kumi na tisa unapika kwenye jiko langu, bado unabishana na bakuli.”

Sumayah akaliweka bakuli chini. Siku yenyewe haikuwa ya kushindana. Binti yake Kaltumu alikuwa ameolewa na Wahabu wa Koboko, ingawa bado hajahamia kwake, na kabla ya alasiri gari lingetoka hapa Arua kupeleka sinia ya wali kwa wakwe, imefunikwa kwa tabaga, kile kifuniko cha kusuka cha Wanubi. Katika ukoo wao, matunda na majani ya wali huo lazima yawe yamekaushwa na bibi wa bibi harusi kwa mkono wake. Mwaka jana binti wa Asiya, jirani yao, alichelewesha sinia. Ilirudishwa bila kufunuliwa, na baada ya wiki mbili binti naye akarudishwa kwao na sanduku lake.

Kwa hiyo Sumayah alikaanga vitunguu kwenye samli, akageuza mchele mpaka ukang’aa, akafikicha nanaa na mrehani mkavu. Alipotaka kumwaga yale maji, Mama Zuhurah alimnyang’anya bakuli akatia vyote sufuriani. Mvuke ukapanda na harufu ya embe. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, nyembamba, ya duka la majembe na dawa za shamba.

“Hata nzi hakutua,” mkwewe alijisifu. “Siku nne pale shambani Aroi, chini kabisa, hakuna nzi wala sisimizi. Ndiyo faida ya mikono safi.”

Mwiko ukasimama. Kule Aroi sisimizi huiba sukari ndani ya kopo lililofungwa. Sumayah akatazama sakafuni, karibu na mfuko wa embe, ambapo kipande kimoja kilikuwa kimeanguka tangu alfajiri. Mstari wa sisimizi ulitoka ukutani, ukakikaribia, ukapinda kukizunguka, ukaendelea na safari.

“Ulianika juu ya nini, Mama?”

“Mkeka wangu umeliwa na mchwa. Nilichukua turubai la Swaibu kule stoo. Nililikung’uta.”

Swaibu, mwana wa mwisho wa Mama Zuhurah na mkulima wa shamba lile, alikuwa mlangoni akikata kamba ya kufungia sinia. “Lile la mbegu?” akasema. “Mama, lile iko ya kuchanganyia mahindi na dawa. Ile dawa nyekundu ya wadudu.” Akacheka kidogo, kisha akaacha, maana alicheka peke yake.

“Nililikung’uta,” Mama Zuhurah akarudia, akachota wali kwa kijiko auonje.

Sumayah akamkamata mkono. Hakuwahi kumshika hivyo tangu aingie nyumba ile. Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Hapo ndipo alipokumbuka mambo aliyoyaona tangu Jumatatu bila kuyatia maanani: mkwewe akitembea kwa kushika ukuta, akitema mate, akikataa chakula cha jioni kwa kusingizia tumbo la uzee.

“Umekula ngapi?”

“Mtu hakaushi bila kuonja.”

“Ngapi, Mama?”

Kaltumu alikuwa ametokea nyuma ya Swaibu, hina mikononi, ameikumbatia tabaga. “Gari limefika. Wahabu amepiga simu, wameshatandika mikeka.”

“Mpigie umwambie sinia haiji,” Sumayah akasema.

“Mama, watasema nini?”

“Watasema wakiwa hai.”

Sumayah akaishika sufuria kwa matambara mawili, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaumwaga wali wote katika shimo la choo. Akatupa na mfuko wa embe. Kipande cha sakafuni tu alikifunga katika karatasi ya nailoni, cha kumwonyesha daktari. Aliporudi, Mama Zuhurah alikuwa amekaa chini, anauulizia wali wake kwa sauti ndogo, na magoti hayakutaka kumwinua. Yeye na Swaibu wakambeba, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma, mahali palipotandikiwa sinia.

Obeti, dereva, alikuwa amekwisha kuelekeza gari kwenye barabara ya kaskazini.

“Koboko?” akauliza.

“Kuluva, hospitalini,” Sumayah akasema, akaingia na kuufunga mlango. “Na usisimame popote.”

Gari likageuka.