Mbweha wa Kalervo

"Ananitazama mimi," Saija alinong'ona, jicho limeganda kwenye kamera. "Mzee Tauno, tangu nianze kazi hii sijapata tai aliyetulia hivi. Utadhani anapigwa picha ya pasipoti!"

Tauno alikuwa amekaa nyuma yake ndani ya kibanda cha mbao, magoti yakigusa jiko dogo la gesi, akichungulia kwenye tundu lake mwenyewe. Nje theluji ilikuwa imemeza kinamasi chote, na kando ya mzoga wa nguruwe alisimama tai jike aliyemzoea kwa majira mengi ya baridi. Siku zote bibi huyu alikuwa mkali mezani hapo penye mzoga, hali bila kumfukuza mtu. Leo kunguru walimvuta manyoya ya mkia naye akainamisha kichwa tu. Mabawa yalimning'inia kama koti la kuazima. Kinyesi chake juu ya theluji kilikuwa cha kijani.

Tauno aliijua rangi ile: ni ya ndege aliyekula sumu.

"Umemlisha nini mpenzi wako hata akawa mpole?" Saija alitania, kidole hakitoki kwenye kitufe.

"Nguruwe."

Hakusema uongo. Nguruwe yule pale. Ila kabla ya nguruwe palikuwa na mbweha.

Kila mgeni aliyefika kupiga picha kwake Kuusamo alipitia kwanza jikoni, akanyweshwa kahawa na kuhubiriwa: mezani kwa tai hawekwi mnyama aliyeuawa kwa bunduki. Marisawa, vile vipunje vya risasi, ni sumu. Punje chache tumboni zatosha kumwua ndege. Jirani yake Kalervo, mwindaji, aliwahi kukemewa hivyo dukani mbele za watu, na tangu siku hiyo alimwita Tauno "askofu wa tai". Kisha Januari theluji ilifunga barabara ya mfugaji wa nguruwe aliyemuuzia mizoga. Meza ikakaa tupu. Tai wangehama, na wageni walikuwa njiani. Nyuma ya banda la kuni la Kalervo kulikuwa na mbweha aliyepigwa risasi, na Tauno akamchukua wakati mwenyewe yumo sauna, chumba chake cha kuogea mvuke. Alimpapasa, akang'oa marisawa aliyoyaona, akajiambia kwamba asiyoyaona hayapo.

Sasa alimtazama tai akijaribu kurukia kisiki. Alikikosa, akaanguka kifudifudi. Kamera ikanyamaza.

"Mzee, huyu ndege ana nini?"

"Baridi tu."

Baridi! Ndege aliyezaliwa kwenye barafu! Aliona haya hata mbele ya jiko la gesi. Sheria ya kibanda aliitunga mwenyewe: unaingia kabla ya mapambazuko, unatoka giza likishaingia, maana tai akimwona mtu akichomoza kutoka kwenye mbao zile hatapaamini tena mahali hapo. Angeweza kuitii sheria yake hadi jioni. Tai angejikokota msituni akafie huko, Saija angekwenda zake na picha nzuri, na Kalervo asingejua lolote. Ilikuwa njia rahisi, na alijichukia kwa jinsi alivyoipenda.

"Si baridi," alisema kwa sauti kamili, hata Saija akashtuka. "Ni mimi. Nilimlisha mbweha wa bunduki."

"Wewe? Wewe uliyenitikisia kidole leo asubuhi kama mwalimu mkuu?"

"Mimi huyo huyo. Utaendesha gari, binti yangu. Daktari wa ndege yuko Oulu."

"Mwenzake yuko juu ya msonobari, anatuona. Ukifungua huo mlango hawarudi tena."

"Wasirudi," alisema Tauno, akaufungua.

Kunguru walilipuka. Dume likajiachia kutoka kwenye msonobari, likapita juu ya msitu bila kugeuka. Jike alibaki. Tauno alimwendea akizama kwenye theluji hadi mapajani, koti ameliinua mikononi, akiomba kwa roho yake yote kwamba tai aruke, amwumbue, amwonyeshe kuwa mzee mjinga mbele ya mgeni. Tai alifungua bawa moja. Hakuruka. Tauno akamfunika kwa koti, akambeba hadi kwenye gari la Saija.

Kwenye njia panda trekta la Kalervo lilikuwa likisukuma theluji, limeziba barabara. Kalervo akashuka, akainama dirishani, akaona koti limepakatwa.

"Askofu! Mtoto wa nani huyo?"

"Nilimwiba mbweha wako," Tauno alisema. "Nikampa huyu."

Kicheko kilikuwa kimeshafika mdomoni mwa Kalervo. Aliangalia kichwa kilicholala juu ya mkono wa Tauno, jicho nusu wazi, akakimeza.

"Mjinga wewe," alisema taratibu. "Ungeniuliza, ningekukatalia." Akapanda trekta, akalirudisha nyuma hadi kwenye mtaro ili wapite.

Saija alikanyaga mafuta. Oulu ilikuwa mbali bado. Ndani ya koti, kucha zilizozoea kupasua fuvu la sungura zilikifumbata kidole cha Tauno, kisha zikalegea. Akavua glavu kwa meno, akakirudisha kidole palepale, akangoja zimuumize.